Paipu za oili za turbo: kuzitoa, kuzirudisha, na maswali ambayo madereva wa Nakuru, Kisumu na Magharibi huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye gari anayetaka kuelewa kazi anayoilipia, na wa fundi kijana anayejifunza kuifanya. Turbo ni kifaa kinachotumia nguvu ya moshi wa ekzosti kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Turbo nyingi zinazoletwa gerejini zikisemwa zimekufa hazikufa kwa uzee. Zilinyimwa oili, na aliyezinyima ni paipu ambayo hakuna mtu aliyeigusa tangu gari liingie nchini. Ukibadilisha turbo ukaacha paipu ileile, jiandae kununua turbo nyingine.

Paipu za oili za turbo ni zipi hasa?

Ziko mbili. Ya kuleta oili ni nyembamba, mara nyingi ya chuma, na hutoka kwenye bloku au kwenye kichwa cha silinda hadi juu ya turbo. Ya kurudisha ni nene, hutoka chini ya turbo na kumwaga oili kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini. Unene wao haulingani kwa sababu kazi zao hazilingani. Oili inayoletwa inasukumwa na pampu. Inayorudi haisukumwi na kitu chochote: inashuka kwa uzito wake tu, tena ikiwa imejaa povu. Ndiyo maana Garrett, kampuni inayotengeneza turbo, hutaka paipu ya kurudisha ishuke karibu wima, isiinamie kando zaidi ya digrii 35.

Katikati ya turbo kuna shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo ndogo za magari ya kibinafsi huvuka hata 200,000. Kwenye turbo nyingi shafti hiyo haikai juu ya beringi za gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayoondoa joto. Utando ukikatika kwa sekunde chache tu, chuma kinagusa chuma.

Turbo nyingi za petroli na baadhi za dizeli zina paipu mbili zaidi za maji ya rejeta. Ukiinama chini ya boneti ukaona paipu nne, hujapotea. Fuata kila moja hadi inakotoka kabla ya kushika spana.

Gari langu linatoa moshi wa buluu na nimeambiwa turbo imeisha. Ni kweli?

Inaweza kuwa kweli, lakini usilipe chochote kabla ya kukagua.

Turbo haina sili za mpira. Kinachozuia oili pande mbili za shafti ni ringi nyembamba za chuma, na ringi hizo hufanya kazi tu ikiwa oili ina njia wazi ya kushuka. Paipu ya kurudisha ikiziba au ikibonyea, oili hujaa ndani ya turbo na kupenya inakoweza: upande wa ekzosti, ukaona moshi wa buluu, au upande wa hewa, ukakuta hozi za intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) zimelowa oili. Turbo ya namna hiyo inaweza kuwa nzima kabisa.

Hali hiyohiyo huletwa na mpira wa kupumulia injini ulioziba. Presha ndani ya sampu hupanda na kuisukuma nyuma oili inayojaribu kushuka. Huletwa pia na oili iliyojazwa kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia. Haya mawili hayahitaji hata kufungua turbo, kwa hiyo anza nayo.

Kisha kagua shafti yenyewe. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa hozi ya hewa mbele ya turbo, ingiza vidole, shika shafti. Mchezo mdogo, yaani shafti kucheza kidogo kando kwa kando, ni wa kawaida, hasa ikiwa oili imeshachuruzika yote. Jaribu kuivuta na kuisukuma ndani na nje: hapo hupaswi kusikia mchezo wowote kwa vidole. Tazama mapanga ya gurudumu dogo lililo mwisho wa shafti na ukuta unaolizunguka. Kukiwa na alama za kukwaruzana, turbo hiyo imekwisha kweli, na swali linalobaki ni nini kiliimaliza.

Kwa nini paipu hizi huziba sana huku kwetu?

Milima, na namna tunavyosimama baada ya kuipanda.

Nakuru iko kwenye kimo cha mita 1,850 hivi. Ukielekea Eldoret unapanda hadi Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700. Anayetoka Kisumu anaanzia karibu mita 1,130 kando ya ziwa na kupanda kupitia Awasi hadi Kericho, zaidi ya mita 2,000. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili injini ipate hewa ileile. Ekzosti ya dizeli chini ya mzigo hufika nyuzi 700 hadi 800, na ya petroli huvuka 900.

Sasa dereva anafika juu, anaona mahindi ya kuchoma kando ya barabara, anasimama na kuzima injini papo hapo. Pampu ya oili imesimama, lakini nyumba ya turbo bado ni nyekundu kwa joto. Oili iliyobaki ndani ya turbo na kwenye sentimita za mwisho za paipu inapikwa mpaka inageuka kaboni. Kesho linaongezeka tabaka jingine.

Tuliwahi kuipasua kwa msumeno paipu ya kuleta oili ya Hiace ya dizeli iliyokuwa ikibeba abiria kati ya Nakuru na Eldoret. Nje ilikuwa safi, haina kutu wala kubonyea. Kwenye kona ya kwanza, karibu kabisa na turbo, kaboni ngumu ilikuwa imeshika ukuta wote na kuacha tundu la kupitisha sindano ya kushonea tu. Ukiikwaruza kwa bisibisi, inatoka kwa vipande vyeusi vinavyong'aa. Paipu hiyo ilikuwa imepulizwa kwa kompresa mahali pengine na kusemwa ni nzima, kwa sababu hewa ilipita. Hewa hupita hata kwenye tundu la sindano. Oili nzito ya asubuhi ya baridi ya Molo haipiti.

Kuna sababu nyingine ambazo si za milima: oili iliyopitisha muda wake, oili bandia, na kwenye injini za Toyota za 1KD, zile za Prado, Hilux na Hiace, washa (pete za kuziba) za chini ya nozeli za kupulizia dizeli zinapovujisha. Moshi wa mwako hupenya juu na kuingia kwenye oili, masizi hujikusanya na kuziba kichujio cha pampu ndani ya sampu. Hapo si turbo peke yake inayokosa oili. Ni injini nzima. Ukikuta paipu ya turbo imeziba kwenye injini hiyo, fungua na sampu utazame.

Lazima turbo itolewe ndiyo paipu zitoke?

Inategemea gari. Kwenye Subaru za turbo za injini ya EJ, turbo imekaa juu upande wa nyuma, na paipu ya kuleta inafikika bila kuishusha. Kwenye dizeli nyingi zilizobanwa kati ya injini na ukuta wa kabini, paipu ya kuleta hutoka lakini ya kurudisha inagoma, na fundi huishia kuishusha turbo. Ukilazimisha paipu ya chuma ipite mahali isipopita, utaikunja, na paipu iliyokunjwa hairudi katika umbo lake. Afadhali saa moja zaidi ya kufungua.

Nahitaji vifaa gani?

Soketi na spana za milimita, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), bisibisi bapa, koleo la klipu, jeki na stendi mbili imara, beseni la oili, matambara yasiyoacha nyuzi, dawa ya kulegeza kutu, na sindano ya plastiki au kijikebe chenye mdomo mwembamba cha kutilia oili. Vipya vya kununua kabla ya kuanza: washa za kopa za pande zote mbili za kila boliti ya banjo (boliti yenye tundu ndani inayopitisha oili na kushika jicho la paipu), gasketi ya paipu ya kurudisha, oili na filta. Usianze kazi ukitumaini gasketi itapatikana mjini jioni. Duka la spea likifungwa, gari linalala wazi na vumbi linaingia kwenye turbo.

Nieleze namna ya kuzitoa.

Acha injini ipoe kabisa. Si ya kugusika tu, ipoe. Ondoa waya hasi wa betri. Ukihitaji kuingia chini ya gari, liweke kwenye stendi mahali tambarare, usitegemee jeki.

Osha kwanza. Hatua hii hurukwa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo ninayoisisitiza zaidi kwa vijana. Gari lililotoka barabara ya murramu ya Njoro au la kubeba miwa Muhoroni lina udongo uliogandishwa na oili pande zote za turbo. Ukifungua boliti bila kusafisha, punje zile huanguka kwenye tundu la oili, na kutoka hapo hadi kwenye beringi hakuna kichujio. Piga brashi, pangusa, puliza, kisha ndipo ufungue.

Piga picha kwa simu kila kona, hasa mahali vibano vinaposhikia paipu kwenye injini.

Mwaga oili, kwa kuwa utaibadilisha vilevile. Toa ngao ya joto ya turbo. Boliti zake ndogo huwa zimeokwa. Zipulizie dawa ya kutu, subiri, zilegeze kidogo kidogo ukirudi mbele na nyuma. Ikiwa kuna paipu za maji njiani, mwaga maji ya rejeta kwanza.

Anza na boliti ya banjo ya juu ya turbo. Shika paipu kwa mkono wa pili isizunguke pamoja na boliti. Hesabu washa zinazotoka: moja juu ya jicho la paipu, moja chini yake. Ya chini hupenda kubaki imegandia turbo, na asiyejua huweka mpya juu ya kuukuu, kisha anashangaa kwa nini inavuja. Angalia ndani ya boliti yenyewe. Baadhi ya injini, zikiwemo za Subaru za turbo, huwa na kichujio kidogo cha waya ndani ya boliti ya banjo. Kikiwa kimejaa, umepata mshtakiwa wako.

Ziba tundu la turbo mara moja kwa plastiki safi, si kwa tambara linaloweza kuacha nyuzi. Fungua upande wa pili wa paipu kwenye injini, kisha vibano vyote vya katikati. Vibano si mapambo: paipu isiyoshikwa hutetemeka mpaka inapasuka.

Mwisho ni paipu ya kurudisha. Kwa kawaida ina boliti mbili chini ya turbo, na chini zaidi boliti mbili nyingine au hozi fupi ya mpira yenye klipu. Weka beseni, maana oili iliyobaki itachuruzika. Hozi ya mpira iliyokuwa ngumu usiivute. Ikate kwa kisu kwa urefu, itupe.

Boliti imekwama au imekatika. Nifanye nini?

Imekwama: dawa ya kutu, muda, na kugonga kichwa chake taratibu kwa nyundo ndogo. Ukitumia moto, hakikisha hakuna oili iliyomwagika wala paipu ya dizeli karibu, na weka mtungi wa kuzimia moto kando yako. Boliti ikikatikia ndani ya nyumba ya turbo, usitoboe turbo ikiwa juu ya injini, kwa sababu chembe za chuma zitaingia kwenye njia ya oili. Ishushe, ipeleke kwa fundi wa mashine.

Nioshe paipu ya zamani au ninunue mpya?

Ya kuleta oili, nunua mpya. Najua bei inauma, na najua mtu atakuambia ataichemsha kwenye dawa itoke kama mpya. Lakini kaboni iliyo kwenye kona huwezi kuiona wala kuifikia kwa waya, na kipande kikilegea nusu halafu gari likaondoka, kitasafiri moja kwa moja hadi kwenye beringi. Paipu iliyooshwa nusu ni hatari kuliko iliyoziba, kwa sababu inakupa imani.

Paipu ya kurudisha ni nene na mara nyingi inaoshika. Iloweke kwenye mafuta ya taa, pitisha brashi ndefu, suuza, puliza, kisha itazame dhidi ya mwanga kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa na kona usiyoweza kuona ndani yake, rudi kwenye jibu la kwanza.

Paipu iliyotumika kutoka kwa gari lililovunjwa? Hujui gari hilo lilizimwaje kila jioni. Sinunui.

Washa za kopa kuukuu zinaweza kutumika tena?

Kopa ikibanwa mara moja hukakamaa na kupoteza ule ulaini unaoziba. Mafundi wa zamani huipasha moto mpaka iwe nyekundu na kuilainisha, na njia hiyo ni ya kweli kwa kopa tupu. Lakini baadhi ya magari hutumia washa za alumini au za matabaka, ambazo moto huziharibu. Washa mpya ni kati ya vitu vya bei nafuu zaidi kwenye kazi hii yote. Nunua.

Naweza kupaka silikoni ili isivuje?

Hapana, si kwenye paipu hizi. Silikoni inayobanwa huingia ndani kwa namna ya uzi, oili ya moto huukata, nao huziba njia. Uso ukiwa safi na gasketi ikiwa mpya, haihitajiki. Uso ukiwa umepinda, unyooshwe.

Naweza kutoboa tundu la kuleta oili liwe kubwa ili turbo ipate zaidi?

Usitoboe. Udogo wa tundu lile umekusudiwa, hasa kwenye turbo za beringi za gololi. Oili ikizidi uwezo wa paipu ya kurudisha, itapita kwenye ringi na utarudi kwenye moshi wa buluu.

Hozi ya mpira ya kawaida inaweza kuchukua nafasi ya paipu iliyopasuka?

Hozi ya petroli au ya maji haiwezi. Upande wa kuleta kuna presha na joto. Upande wa kurudisha kuna oili ya moto inayoyeyusha mpira wa kawaida polepole kutoka ndani. Hozi ikipasuka juu ya ekzosti ya moto, gari linashika moto. Tumia hozi iliyotengenezwa kwa oili ya moto, na upande wa kuleta tumia paipu ya gari lenyewe.

Na kuzirudisha?

Safisha nyuso zote zinazokutana, ondoa masalia ya gasketi kwa kikwaruzo cha plastiki au cha mti, si patasi. Linganisha paipu mpya na ya zamani: urefu, kona, ukubwa wa jicho la banjo, na matundu ya boliti.

Anza na ya kurudisha, kwa sababu ndiyo iliyo chini na ngumu kufikia. Gasketi ina umbo lake. Igeuze vibaya na itafunika nusu ya tundu. Iweke, tazama tundu liko wazi lote, ndipo uingize boliti kwa vidole. Hozi ya mpira isipindike wala kulala mahali oili inaweza kusimama.

Kabla ya kufunga paipu ya kuleta, tia oili safi, ileile utakayojaza kwenye injini, ndani ya tundu la juu la turbo kwa sindano. Zungusha gurudumu la upande wa hewa kwa kidole, taratibu, tia tena. Rudia mpaka uione ikichuruzika chini. Kisha weka washa mpya, moja kila upande wa jicho, ingiza boliti za pande zote mbili kwa vidole, rudisha vibano vyote, na ndipo ukaze. Ukikaza mwisho mmoja kabla ya kuingiza mwingine, paipu inabaki na mvutano, na paipu yenye mvutano hupasuka kwenye kiungo.

Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Boliti ndogo ya milimita 6, kwa mfano, hutosheka na Nm 10 hivi (nyutonimita, kipimo cha spana ya toki), na mkono wenye nguvu wa fundi huipita bila kujua. Boliti ya banjo ina tundu ndani, kwa hiyo hukatika upesi kuliko inavyoonekana.

Weka filta mpya na oili mpya mpaka alama ya juu, usipite.

Nikishamaliza, niwashe tu?

Usiwashe. Paipu ni tupu, filta ni tupu, na injini ikiitika mara moja turbo itazunguka kabla oili haijafika. Ni dakika tano tu za subira, na ndizo zinazoamua kama kazi yote ilikuwa na maana.

Zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake. Kwenye petroli, toa fyuzi au relei ya pampu ya petroli. Kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, chomoa waya wa kuzimia juu ya pampu. Kwenye dizeli za kisasa, chomoa plagi za nozeli ukiwa umezima swichi kabisa. Usiziguse swichi ikiwa imewashwa, umeme wake ni mkali. Rudisha betri. Piga stata sekunde 10, pumzika nusu dakika, piga tena, mpaka taa ya oili kwenye dashibodi izimike. Ukitaka uhakika zaidi, legeza boliti ya juu kidogo, weka tambara, na uendelee kupiga stata mpaka oili ionekane ikitoka kwa mkondo. Kaza tena, pangusa yote.

Sasa rudisha ulichochomoa na uwashe. Iache ingurume taratibu bila kugusa mafuta. Chukua tochi, tazama kila kiungo. Oili uliyomwaga wakati wa kazi itatoa moshi mweupe juu ya ekzosti kwa muda, na hilo halina tatizo likipungua. Likiongezeka, zima. Injini ikishapata joto, izime, subiri, pima kijiti, ongeza oili kufidia iliyoingia kwenye filta na paipu.

Nimesikia dizeli inaweza kukimbia yenyewe hata ukizima swichi. Ni kweli?

Ni kweli, na dereva wa dizeli ya turbo anapaswa kulijua. Oili nyingi ikipenya upande wa hewa, injini huichoma kama dizeli, na swichi haina amri juu yake. Mngurumo hupanda na moshi hujaa. Gari la gia za mkono: weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi ili injini izimike. La otomatiki: ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu kilicho bapa, kamwe si kwa mkono wala kitambaa, ikiwa unaweza kuufikia kwa usalama. Ukishindwa, ondoa watu wote na ukae mbali. Gari linaponguruma hivyo, usisimame kandokando ya injini.

Nimerudisha kila kitu na bado kunavuja.

Pangusa pakavu kabisa, washa, tazama kwa tochi mahali tone la kwanza linapozaliwa, kwa maana oili hutiririka na kudanganya. Juu kwenye banjo: pengine washa mbili zimepandana, au jicho la paipu lina mkwaruzo. Usiendelee kukaza; fungua utazame. Chini kwenye gasketi: imekaa upande au uso haukusafishwa.

Nitumie oili gani, na nibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Fuata daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Dizeli yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosti inahitaji oili maalum yenye majivu machache. Kwa magari yanayopanda milima hii kila siku, napendelea kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida, na sivuki 10,000 hata kwa ile ya sinthetiki. Nunua penye risiti, angalia alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) na muhuri wa kifuniko. Oili inayouzwa kwa bei isiyoaminika kando ya barabara imeua turbo nyingi.

Nikisimama baada ya mlima, nisubiri muda gani kabla ya kuzima?

Dakika moja hadi mbili za mngurumo wa taratibu zinatosha. Njia bora zaidi ni kuendesha kwa upole kilomita mbili tatu za mwisho kabla ya kituo, turbo ipoe ikiwa mwendoni. Kwa dereva wa matatu anayesukumwa na makanga awahi zamu, hili ni gumu, nalielewa. Basi acha injini ingurume wakati abiria wanashuka, ndipo uzime.

Oili chafu niipeleke wapi?

Isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Nakuru hushuka kuelekea Ziwa Nakuru, na ya Kisumu kuelekea Ziwa Victoria. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko na uipeleke kwa wanaokusanya oili iliyotumika wakiwa na leseni. Gereji nyingi kubwa huwajua. Matambara yaliyolowa yasirundikwe karibu na moto.

Baada ya kazi, nikague tena lini?

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha: pima kijiti, tazama chini ya gari. Kagua tena baada ya safari ya kwanza yenye mlima, kwa sababu kuna uvujaji unaojitokeza tu chuma kikishapanuka na kupoa. Usikaze boliti upya bila sababu. Kukiwa pakavu na kijiti hakijashuka, liache mpaka sevisi inayofuata, na hapo mwambie fundi atazame vibano vya paipu kabla ya kumwaga oili.